Kuanguka si Uzee: Somo la Kuwalinda Wazee Wetu Wasivunjike Nyonga

Mzee akianguka nyumbani, neno la kwanza linalosemwa mara nyingi ni kwamba huo ni uzee tu. Huinuliwa, hukandwa kwa maji moto, hupewa kidonge cha maumivu na kulazwa kitandani asubiri nafuu. Siku zikipita bila yeye kusimama, familia huanza kuzoea kwamba bibi au babu sasa ni mtu wa kitandani. Wakati mwingine, siku hizo zote, mfupa wa nyonga huwa umevunjika na hakuna aliyejua.

Somo la afya katika toleo hili lina mambo mawili ambayo kila mkaazi wa Kaunti ya Lamu anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba kuanguka kunaweza kuzuiwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa gharama ndogo. La pili ni kwamba mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama ni mgonjwa wa dharura, sawa na mama mjamzito anayevuja damu. Hafai kusubiri kesho.

Tunaomba makala haya yasomwe kwa sauti nyumbani, wazee wenyewe wakiwepo. Wao ndio wenye miili na wenye kuamua.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Katiba ya Kenya inamtambua mtu aliyezidi umri wa miaka 60 kuwa mzee katika jamii. Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo na usaidizi kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wa umri huo nchini. Katika kaunti yetu, ambayo sensa hiyo iliipa wakaazi 143,920, karibu kila boma na kila mtaa una mzee wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Shirika hilo pia linasema kwamba kati ya watu waliofikisha miaka 65, karibu mmoja kati ya kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka.

Si kila anayeanguka huvunjika. Hata hivyo, nyonga ikivunjika, maisha ya mzee hubadilika. Hata katika nchi zenye hospitali nyingi na madaktari wa kutosha, takriban mmoja kati ya kila wagonjwa watano, na mahali pengine mmoja kati ya watatu, hufariki kabla ya mwaka kwisha. Wengi wa wanaopona hawarudii mwendo waliokuwa nao.

Nyonga ni nini, na kwa nini huvunjika

Nyonga ni pale mguu unapoungana na kiwiliwili. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Chini ya kichwa hicho mfupa una sehemu nyembamba inayoitwa shingo. Uzito wa mwili hupitia hapo tunaposimama na kutembea, na hapo ndipo mfupa huvunjika kwa urahisi mtu anapoanguka kwa ubavu.

Kijana akianguka vivyo hivyo atapata mchubuko na kusimama. Mzee huvunjika kwa sababu mbili. Kwanza, mifupa hupoteza madini yake kadiri umri unavyosonga, ikawa na matundu ndani kama jiwe la matumbawe. Kwa wanawake hali hii huja kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma, na ndiyo maana wengi wa wanaovunjika nyonga ni akina mama. Pili, misuli ya mapaja na makalio hupungua, kwa hivyo mguu hauna nguvu ya kumzuia mzee asianguke, wala hakuna nyama ya kutosha ya kupokea kishindo.

Mfupa dhaifu hauumi. Mtu hawezi kujua hali yake kwa kuhisi. Ishara ya kuzingatia ni hii: mtu wa zaidi ya miaka 50 akivunjika mkono, uti wa mgongo au nyonga kwa kuanguka kidogo tu, kama vile kutoka kimo chake akiwa amesimama, basi mifupa yake huenda ni dhaifu na anahitaji kuchunguzwa kabla ya kuvunjika tena.

Kwa nini mzee huanguka

Mara chache kuanguka huwa na sababu moja. Kwa kawaida sababu mbili au tatu hukutana. Tuseme bibi mmoja ameamka saa kumi alfajiri kwenda msalani. Macho yake yana mtoto wa jicho. Ametumia dawa ya presha jioni na kichwa kinazunguka anaposimama. Taa imezimwa ili kupunguza matumizi ya umeme, na njiani kuna ndoo ya maji iliyoachwa na wajukuu. Ukiondoa hata moja ya sababu hizo, huenda bibi huyo asingeanguka.

Haya ndiyo mambo ya mwilini yanayoongeza hatari:

1. Miguu kukosa nguvu na mwili kukosa mizani.
2. Kutoona vizuri, hasa usiku na kwenye ngazi.
3. Presha kushuka ghafla mtu anapoinuka kutoka kitandani, kitini au kwenye sijda.
4. Dawa, hasa za usingizi, za kutuliza mawazo na baadhi ya zile za presha. Anayetumia aina nne au zaidi yuko hatarini zaidi.
5. Kisukari kilichoua hisia za nyayo, hata mzee hajui anakanyaga nini.
6. Haja ndogo ya mara kwa mara usiku, inayomfanya mzee akimbilie chooni gizani.
7. Pombe, hata kwa kiasi ambacho zamani hakikumlevya.
8. Hofu yenyewe. Aliyeanguka mara moja huogopa kutembea, akikaa miguu hudhoofika, na miguu ikidhoofika huanguka tena.

Kwa sababu ya hilo la mwisho, familia isimkataze mzee kutembea kwa nia ya kumlinda. Mzee anayekatazwa kutembea ataanguka siku atakapolazimika kutembea.

Mpime mzee wako: mita tatu tu

Kuna kipimo rahisi kinachotumiwa na wahudumu wa afya ambacho unaweza kukifanya nyumbani. Weka kiti imara chenye mgongo. Kutoka kwenye kiti hicho pima mita 3 na uweke alama sakafuni. Mzee aketi, avae viatu vyake vya kawaida na ashike mkongojo wake kama anao. Ukisema "nenda", asimame, atembee mwendo wake wa kila siku hadi kwenye alama, ageuke, arudi na kuketi. Hesabu sekunde kwa simu.

Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Simama karibu naye wakati wote, na angalia jinsi anavyotembea. Je, anashika ukuta? Anasukuma kiti kwa mikono ndipo asimame? Anayumba anapogeuka?

Kisha muulize maswali matatu: Umeanguka katika mwaka huu? Unahisi huna uthabiti ukisimama au ukitembea? Unaogopa kuanguka? Jibu la "ndiyo" hata kwa swali moja linatosha kumpeleka kwenye zahanati au kumwita mhudumu wa afya ya jamii. Wazee wengi huficha kwamba wameanguka kwa kuogopa kunyang'anywa uhuru wao. Uliza kwa upole, faraghani, bila kumkemea.

Kagua nyumba yako

Nyumba za Lamu hazifanani, kwa hivyo hatari zake pia hazifanani.

*Ngazi.* Nyumba nyingi za mawe katika mji wa kale na visiwani zina ngazi nyembamba zenye vidato virefu visivyolingana. Funga kamba nene au mti wa kushikia upande mmoja, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha mwisho. Paka chokaa nyeupe ukingo wa kila kidato ili uonekane. Mzee asipande huku amebeba ndoo au kapu mikono yote miwili. Ikiwezekana, chumba chake cha kulala kiwe chini.

*Chooni na bafuni.* Hapa ndipo sakafu huwa na maji muda mwingi. Sakafu laini ya saruji ikwaruzwe au iwekewe mkeka wa mpira unaong'ang'ania. Weka kishikio kando ya choo, kilichofungwa ukutani kwa skrubu na si kwa msumari mmoja. Mzee aoge na kutawadha ameketi kwenye kigoda, kopo likiwa karibu. Ambaye magoti yake hayakunjiki vizuri atengenezewe kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha kuchutama. Fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza.

*Choo cha nje.* Katika maboma ya Mpeketoni, Witu, Hindi na sehemu nyingi za bara, choo kiko mbali na nyumba. Sawazisha njia ya kwendea, ng'oa visiki na uondoe mawe. Weka tochi au taa ya sola karibu na mto wa mzee. Usiku, ndoo yenye mfuniko au sufuria maalumu chumbani ni bora kuliko safari ya gizani, na hakuna aibu ndani yake.

*Chumbani na sebuleni.* Mikeka na mazulia yanayokunjika pembeni yaondolewe au yapigiliwe. Nyaya za televisheni na chaja zisipite njiani. Kitanda kisiwe cha juu hata miguu ikaning'inia, wala cha chini mno hata kuinuka kukawa kazi. Kipimo kizuri ni mzee akiketi ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu na magoti yake yawe usawa wa nyonga.

*Mavazi na viatu.* Dera, buibui au kikoi kinachoburura chini ni mtego kwenye ngazi. Kipindwe. Ndara zilizolika na viatu visivyoshika kisigino vibadilishwe kwa viatu vya bapa vyenye soli ya mpira na kamba ya nyuma.

*Mitaani, msikitini na gatini.* Vichochoro vyetu vina mifereji ya maji na punda wenye mizigo. Kijana akimwona mzee kichochoroni, ampishe upande wa ukuta apate pa kushika. Kamati za misikiti zinaweza kuweka vigoda na vishikio penye birika, na taa kwa ajili ya swala ya alfajiri. Anayeshikwa na kizunguzungu akiinuka kwenye sijda anaruhusiwa kuswali ameketi. Gatini, maji yakitoka ngazi huachwa na ukoga unaoteleza. Nahodha amsubiri mzee ashuke taratibu, akishikwa na mtu aliye mbele na mwingine aliye nyuma.

Nguvu za miguu ni kinga

Kati ya kinga zote, mazoezi ya miguu na mizani ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba mazoezi ya aina hii hupunguza visa vya wazee kuanguka kwa takriban robo. Hayahitaji kifaa. Yafanywe angalau siku tatu kwa wiki, na yasiachwe baada ya mwezi mmoja.

1. *Kusimama na kuketi.* Aketi kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta. Asimame polepole, kisha aketi polepole bila kujitupa. Aanze na mara 5 na kuongeza hadi 10. Akiweza, asitumie mikono.
2. *Kuinua visigino.* Asimame akishika dirisha au meza nzito. Ainuke kwa vidole vya miguu, ahesabu hadi tatu, kisha ashuke. Mara 10.
3. *Mguu mbele ya mguu.* Akiwa ameshika ukuta, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu mwingine na kusimama hivyo kwa sekunde 10. Kisha abadilishe.
4. *Kuinua mguu pembeni.* Akiwa ameshika kiti, anyanyue mguu mmoja upande polepole na kuushusha. Mara 8 kila mguu.

Mtu mwingine awe karibu siku za mwanzo. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu ni dalili ya kuacha na kumwona mhudumu wa afya. Kutembea jioni baada ya jua kupunguza ukali ni nyongeza nzuri, lakini peke yake hakutoshi kurudisha mizani.

Mkongojo nao una kipimo. Mzee akisimama wima mikono ikiwa imelegea, kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ushikwe upande wa mguu wenye nguvu, si upande wa mguu unaouma. Chini uwe na mpira, na mpira ukilika ubadilishwe.

Chakula, jua, macho na dawa

Mfupa unahitaji madini ya kalsiamu, na misuli inahitaji protini. Sisi wa Lamu tumebarikiwa samaki, na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni chakula bora cha mifupa. Maziwa, mtindi, simsim, maharagwe, kunde na sukuma wiki pia husaidia. Mzee asiye na meno asiachiwe chai na mkate pekee. Samaki asagwe, maharagwe yapondwe, mayai yachemshwe.

Mwili hauwezi kutumia kalsiamu vizuri bila vitamini D, na vitamini hiyo hutengenezwa jua linapogusa ngozi. Mzee anayekaa ndani mwaka mzima, au anayefunika mwili wote kila anapotoka, anaweza kuikosa hata katika mji wenye jua kama wetu. Aketi uani au kwenye kiwanda cha nyumba, penye faragha, mikono na miguu ikipata jua la asubuhi. Vidonge vya vitamini D apewe kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Macho yapimwe kila mwaka. Mtoto wa jicho si laana wala si lazima ya uzee. Huondolewa kwa upasuaji mfupi, na kuona vizuri hupunguza kuanguka.

Kuhusu dawa, weka zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za kienyeji na zile za kununua dukani, uzipeleke kwenye kituo cha afya na kuuliza: zipi zinahitajika bado? Zipi zinaleta kizunguzungu? Omba presha ipimwe mzee akiwa amelala na tena akiwa amesimama. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, kwa sababu kuacha dawa ya presha au kisukari ghafla kuna hatari zake. Kila anapoamka, aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu hadi 30, ndipo asimame.

Mzee ameanguka: fanya haya

Usimwinue haraka. Mtulize, muulize anaumia wapi, na uangalie kama ana jeraha la kichwa au anavuja damu.

Akiwa haumii popote na anaweza kusogeza miguu yote, anaweza kuinuka mwenyewe kwa hatua. Ageuke ubavu, apige magoti akitegemea mikono, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu ya kiti, apeleke mguu mmoja mbele, ajisukume na kugeuka aketi. Mfundishe njia hii kabla hajaanguka. Aliyeanguka akiwa peke yake na kuumia asijilazimishe. Apige kelele au agonge sakafu, na ajifunike asipate baridi. Simu ndogo yenye kamba ya shingoni inaweza kuokoa maisha yake.

Shuku kwamba nyonga imevunjika ukiona dalili hizi:

• Hawezi kusimama au kuukanyagia mguu mmoja.
• Ana maumivu makali ya kinena, nyonga au paja, hasa mguu ukisogezwa.
• Mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwingine, na nyayo imegeukia nje.

Kuna wanaovunjika na bado wakatembea kwa kuchechemea, maumivu yakihisiwa kinenani au hata gotini. Mzee anayechechemea siku kadhaa baada ya kuanguka anahitaji picha ya eksirei.

Ukishuku hivyo:

1. Piga simu kwa kituo cha afya kilicho karibu au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako.
2. Usiuvute mguu, usiunyooshe na usiukande.
3. Weka mto katikati ya miguu na ufunge miguu yote miwili pamoja kwa kanga, si kwa kukaza.
4. Mbebe akiwa amelala kwenye machela, ubao mpana au mlango. Usimpakie kwenye bodaboda, na usimketishe juu ya punda.
5. Usimpe chakula kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.
6. Beba dawa zake zote, kitambulisho, na namba ya simu ya mtu wa familia anayefanya maamuzi.

Kuhusu kukandwa na kuungwa mifupa

Tunawaheshimu wakandaji na waunga mifupa wetu. Wamesaidia watu wengi wenye misuli iliyokaza na maumivu ya mgongo. Nyonga iliyovunjika ni jambo tofauti. Sehemu iliyovunjika iko ndani sana, chini ya misuli minene, na haishikiki kwa mkono wala haifungiki kwa vijiti. Kukanda huachanisha vipande zaidi na huweza kukata mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa. Mishipa hiyo ikikatika, kichwa hicho hufa na kuoza ndani kwa ndani. Mkandaji mzuri ni yule atakayemwangalia mzee asiyeweza kusimama na kusema: huyu ni wa hospitali.

Kwa nini haraka

Wengi wa wanaofariki hawauawi na mfupa wenyewe. Huuawa na kulala. Mzee asiyeinuka kitandani hupata nimonia, damu huganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni, vidonda vya mgongoni huingia usaha, na akili huvurugika. Kwa sababu hiyo miongozo ya matibabu inapendekeza upasuaji ufanyike ndani ya siku moja au mbili tangu mgonjwa afike hospitalini, na mgonjwa aanze kusimama siku inayofuata upasuaji. Daktari huunganisha mfupa kwa vyuma au huubadilisha kwa nyonga ya bandia, kulingana na mahali ulipovunjika. Umri mkubwa peke yake si sababu ya kukataa upasuaji.

Sisi tuna changamoto ya safari. Anayetoka Faza, Kizingitini au Kiunga hutegemea boti na hali ya bahari. Wakati wa kusi kali safari huchelewa. Akipewa rufaa ya Mombasa, barabara peke yake ni zaidi ya kilomita 300. Haya yote yanakula saa za mgonjwa. Saa ambazo ziko mikononi mwetu ni zile za nyumbani, kati ya kuanguka na uamuzi wa kuondoka. Tusizipoteze.

Kuhusu gharama, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa matibabu yanayofuata, familia inahitaji bima. Msajili mzee wako na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Kwa wasio na mshahara mchango hulipwa kwa mwaka, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa kila mwezi. Kujisajili bila kulipa mchango hakutoshi kwa matibabu ya hospitali kubwa. Mzee aliyefikisha miaka 70 anaweza pia kuulizia afisini kwa chifu kuhusu mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Baada ya kurudi nyumbani

Kazi haiishi kwenye geti la hospitali. Mzee aendelee na mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa tiba ya viungo, hata kama yanauma kidogo. Akiwa bado analala muda mrefu, ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi ya mgongo, makalio na visigino iangaliwe kila siku. Apewe chakula chenye protini. Muulize daktari kuhusu dawa ya kuimarisha mifupa, kwa sababu aliyevunjika nyonga moja yuko hatarini kuvunjika ya pili. Kuvimba kwa mguu mmoja, kukosa pumzi, homa au usaha kwenye kidonda ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Kazi ya wiki hii

Ili somo hili lisiishie kwenye karatasi, kila familia yenye mzee ifanye mambo haya manne kabla ya wiki kwisha:

1. Mfanyie mzee kipimo cha mita 3 na umuulize yale maswali matatu.
2. Tembea naye kutoka kitandani hadi chooni usiku, taa zikiwa kama zilivyo kila siku. Chochote kitakachowakwaza, kiondoeni au mkitengeneze.
3. Hakikisha amesajiliwa SHA na mchango wake umelipwa.
4. Kubalianeni mapema: mzee akianguka usiku, nani atapiga simu, boti au gari ni la nani, nani atakaa na watoto, na fedha za kuanzia ziko wapi.

Mzee asiye na familia karibu ni jukumu la majirani na nyumba kumi. Mtajeni kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu ili awekwe kwenye orodha ya nyumba za kutembelewa. Kwa swali lolote kuhusu somo hili, fika kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe.